Namna Abdilatif Nuh Alivyoyaficha Maneno Madogo Mbele ya Bi Mutanu

Sogeeni, enyi mliokalia mikeka na mliokalia madebe! Wenye redio zizimeni, wenye mbuzi wafungeni, na mwenye mtoto anayelia ampe kitu cha kutafuna anyamaze. Habari ninayowaletea si ya falme zilizoanguka wala ya majemadari waliovuka mito wakiwa juu ya farasi. Hizo mmekwisha kuzisikia, na nusu yake ni chumvi. Hii ni habari ya mwanamume mmoja wa Iftin, katika mji wa Garissa, ambaye mwaka ule uliofuata mafuriko makubwa, alama ya maji ingali kwenye kuta za nyumba, alitoka bila mkuki wala upanga akaenda kupigana na neno lenye herufi mbili. Alishinda au alishindwa? Msinikimbize. Vita havisimuliwi kwa haraka, hata vikiwa vimepiganwa mdomoni.

Jina lake Abdilatif mwana wa Nuh, Ngao ya Darasa la Nne, Mshika Chaki asiyetetereka, mwalimu wa Kiingereza katika shule ya msingi yenye madirisha machache na vumbi lisilo kifani. Mungu alimpa urefu, akamnyima unene, kisha akamfidia kwa koo ambalo likifunguliwa asubuhi korongo wote waliolala juu ya migunga hupaa kwenda ng'ambo ya mto Tana. Na koo hilo lilikuwa limefunzwa. Alipokuwa mtoto kule Takaba, kabla hajauona ubao wa serikali, aliujua ubao wa duksi, chuo cha Kurani, ambako maalim aliketi na fimbo ndefu ya kufika safu ya nyuma bila yeye kuinuka. Fimbo hiyo ndiyo iliyomwapisha kwamba kila herufi ina haki yake, na mwenye kuila herufi ni mwizi.

Hakulisahau somo hilo hata siku moja. Alipokutana na Kiingereza ukubwani alikipokea kwa uadilifu uleule, na hapo ndipo msiba ulipopiga hodi. Maana lugha ya Waingereza, kama mjuavyo nyote mliokaa nayo meza moja, ina maneno makubwa na maneno madogo. Makubwa husemwa kwa kifua. Madogo, akina “of” na “to” na “for” na “and”, husemwa kwa pembe ya mdomo, upesi, mtu akiwa amekwisha kufikiria neno linalofuata. Abdilatif hakukubali. Kila neno lililopita kinywani mwake lilipewa kiti, mto na kikombe cha chai. Alisema “OF” kama mtu anayetangaza kifo cha mfalme.

Nanyi msimcheke kabla hamjajua chanzo. Ilikuwa miaka ya vyama vingi, kila ukoo ukihesabu vichwa vyake, na hata watoto wa Darasa la Nne walijua nani ni mkubwa na nani ni mdogo. Abdilatif alitoka katika mbari ndogo, ile ambayo mzee wake huombwa aseme barazani wakati vikombe vimeanza kukusanywa na wakubwa wametafuta viatu vyao. Tangu utotoni alimwona mzee huyo akisimama na kuihutubia migongo. Lilimuuma, na liliendelea kumuuma. Basi alipoambiwa kwamba hata katika Kiingereza kuna wakubwa wa kusikika na wadogo wa kupitwa, damu ilimpanda.

Lakini mwalimu huyu hakuwa na cheti. Na wakubwa wa elimu walikuwa wametoa amri kwamba asiye na cheti atasoma kwa sauti mbele ya mkaguzi, mara tatu na si zaidi, na atakayeshindwa atawaachia wengine chaki. Akishindwa, njia ilikuwa moja tu: kurudi Takaba kukaa katika duka la adeer yake Shurie, ndugu wa baba yake, awapimie watu sukari hadi uzeeni. Na Abdilatif aliwapenda watoto wa Darasa la Nne. Nalisema waziwazi kwa sababu yeye, kama mashujaa wote, aliona haya kulisema. Aliwapenda kwa majina yao, kwa kamasi zao, kwa jinsi walivyonyoosha mikono wote kabla swali halijaisha. Kuiacha ile chaki kungemvunja.

Mkaguzi aliyetumwa alikuwa Bi Mutanu, binti wa vilima vya Ukambani, Malkia wa Wino Mwekundu, aliyekuwa akilivuka daraja la Tana ndani ya Landrova iliyochoka kuliko yeye. Alikuwa na sentensi moja aliyoizungusha Kaskazini Mashariki yote, nayo iliwaangusha walimu kama mtama. Ilieleza kwamba mwana wa chifu alikwenda dukani kuchukua mkebe wa maziwa na mfuko wa chumvi. Jambo la kawaida kabisa. Kila mwana wa chifu amewahi kutumwa. Lakini kwa Kiingereza ilijaa wale wadogo: “The son of the chief went to the shop for a tin of milk and a bag of salt.”

Katika pigano la kwanza Abdilatif alisimama mbele ya ubao, akavuta pumzi, akaipiga sentensi ile kutoka kichwa hadi mkia bila kumwacha yeyote ameketi. “OF!” alinguruma, na kioo cha dirisha kikaitika. “TO!” akanguruma, na mbuzi wa jirani akakimbia na kamba yake.

Bi Mutanu aliweka kalamu chini, akafuta miwani, akamhutubia. “Mwalimu Abdilatif! Nimetoka Mandera, nimepitia Wajir, masikio yangu yamekula mchanga wa mkoa mzima, lakini vita kama hivi sijavisikia. Hayo maneno madogo si misumari ya kupigiliwa. Uzito uweke kwa mwana, kwa chifu, kwa duka, kwa maziwa na chumvi. Hao wengine ni wapambe tu; wapite wakiwa wameinamisha vichwa.”

Naye Abdilatif, badala ya kunyamaza kama mtu mwenye busara anayetaka cheti, alijibu kama mzee wa baraza, kwa Kiswahili chake cha Takaba kinachogeuza v kuwa f na p kuwa b. “Madam, wallahi nitasema kweli. Kwetu baraza ikikaa, ukoo kubwa inasema na ukoo kidogo inasema. Mwenye watu elfu anasimama, mwenye watu tano anasimama. Leo wewe unataka mimi ninyamazishe hawa fidogo? Nani alisema ni wadogo? Nani alihesabu? Mimi sitaki kubeba dhuluma ya mtu.”

Hotuba ilikuwa nzuri, na Darasa la Nne walipiga makofi. Alianguka.

Hapo akatokea msaidizi, kama watokeavyo katika visa vyote vya mashujaa, na kama kawaida msaada wake ulizidi ugonjwa. Huyu alikuwa Mwalimu Kang'ethe, naibu wa mwalimu mkuu, mtu wa bara aliyehamishiwa Garissa kwa makosa ya watu wengine na tangu siku hiyo akawa analilia viazi na ukungu. Alimpenda Abdilatif kama ndugu. “Sikiliza, ndugu yangu,” alimwambia chini ya kivuli cha tangi la maji, mkono mmoja kifuani. “Adui hajadiliwi, adui humezwa. Neno dogo likija, meza! Meza kama dawa ya malaria, usionje. Ukifika ng'ambo utakuwa na cheti, na Mungu atakusamehe.”

Basi likaja pigano la pili, na Abdilatif, uso umemsawijika kwa haya, akameza. Alimeza wote. Kilichotoka kinywani mwake kilikuwa kama simu ya upepo iliyotumwa na mtu bahili: “Son chief went shob tin milk bag salt.”

Bi Mutanu akasema kwa huzuni iliyoonekana ni ya kweli, “Mwalimu, mara ya kwanza uliwapigia ngoma. Leo umewaua wote. Hakubaki hata mmoja wa kuwazika wenzake.” Akafunga mkoba. Lililokuwa limebaki sasa ni pigano la tatu, na nyuma yake mizani ya adeer Shurie.

Je, niyaeleze mateso ya wiki zile? Niwaeleze jinsi alivyotembea kando ya mto na kokwa ya tende chini ya ulimi, akisema na korongo, nao wakimwangalia kwa dharau ya majaji? Jinsi Kang'ethe alivyomletea redio yake wasikilize taarifa ya Kiingereza pamoja, masikio yamebanwa kwenye kipaza sauti, na kila mara mmoja aliponyoosha kidole kusema “umemsikia yule?” mdogo alikuwa amekwisha kupita? Akiwasema, waligeuka tarumbeta. Akiwaacha, walikuwa maiti. Katikati ya tarumbeta na maiti hakuona njia. Alikonda, naye alikuwa hana cha kukonda.

Sasa tegeni masikio, kwa maana wokovu ulitoka mahali ambapo hakuna mwanamume wa huko anayeelekeza macho.

Nyumbani kwake alikuwa amefika mama mkwe, Bi Qali wa Hulugho, mama yake Ruweyda mkewe. Mafuriko yalikuwa yamemchukulia mbuzi wake, naye akaja kukaa kwa binti yake hadi Mungu afungue. Na mwajua mila. Mkwe hukaa kwa mbali na mama mkwe. Hamwangalii usoni, hali mbele yake, na kumpandishia sauti ni aibu ya kusimuliwa vizazi vitatu. Kwa hiyo nyumba iligawanywa kwa pazia la maua mekundu. Upande huu Abdilatif alisahihisha madaftari. Upande ule Bi Qali, ambaye ujana wake wote aliumalizia nyuma ya mifugo, alikuwa ameamua kunyoosha usomaji wake wa Kurani kabla hajafa. Kila siku baada ya Alasiri alisoma kwa sauti. Na sauti ilikuwepo.

Tatizo lilikuwa nun. Mliopita chuoni mnajua: iko herufi nun, n ya Kiarabu, ambayo, ikifuatwa na herufi fulani, msomaji huificha. Hatamki nun nzima, wala haifuti. Huiacha ikivuma puani kidogo, kisha akaendelea. Bi Qali hakuwa na habari hiyo. Kila nun aliyokutana nayo aliisimamisha na kuitangaza. Abdilatif, upande wa pili, alishtuka kama mtu aliyechomwa mwiba. Jumatatu alivumilia. Jumanne akauma kalamu. Angewezaje kumkosoa mama mkwe? Bora kukosoa radi.

Siku moja kabla ya pigano la mwisho, roho yake ikiwa tayari imening'inia kwenye uzi, Bi Qali alifika kwenye nun moja, akaipigia kelele iliyowaamsha kuku. Na Abdilatif mwana wa Nuh, mtu wa adabu, alisikia koo lake likifunguka lenyewe, likimwita mama kwa Kisomali.

“Hooyo! Ifiche hiyo! Usiipigie tarumbeta, ifiche!”

Mwiko ulimponyoka Ruweyda uani. Kuku walinyamaza. Pazia lilisimama wima, halikutikisika.

“Abdilatif,” sauti ya Bi Qali ilikuja polepole. “Mimi ndiye umenikemea?”

“Nisamehe, hooyo. Shetani amenishika. Nisamehe.”

“Nitakusamehe ukinieleza. Tangu mtoto nimeambiwa kila herufi ina haki yake. Leo wewe, mtu wa shule, waniambia nifiche. Nikiificha, si nimeidhulumu?”

“Hapana, hooyo,” alisema Abdilatif, akijibu kama alivyofunzwa na ile fimbo. “Kufichwa ndiyo haki yake hapo. Ukiitangaza umekosa, na ukiifuta umekosa zaidi. Iache iwepo. Anayejua kusikiliza ataisikia.”

“Na pumzi ikiniishia, nikasimama juu yake?”

“Ukisimama juu yake, hooyo, itoke nzima. Hapo hakuna herufi mbele yake ya kuifunika.”

Chaki iliyokuwa kwenye sikio lake ilianguka ikavunjika. Maana alikuwa amejisikia. Kitabu ni Kitabu na Kiingereza ni Kiingereza, naye hakuvichanganya hata nukta moja. Lakini kinywa ni kilekile, na kinywa chake kilikuwa kimeficha nun tangu umri wa miaka saba bila kumdhulumu mtu. Aliyemchapa akiila herufi ndiye huyohuyo aliyemfunza kuificha, na yeye alilibeba somo la kwanza akaliacha la pili Takaba.

“Mbona kimya?” aliuliza Bi Qali.

“Hooyo, naomba ruhusa nitoke nje,” alisema, na sauti yake ilikuwa na machozi.

“Nenda. Na mimi nimekusamehe. Lakini usirudie.”

Alitoka uani akamkuta mbuzi wa Ruweyda, akamwambia, kwa upole ambao mbuzi yule hakuwahi kuambiwa na mtu, habari za mwana wa chifu.

Ewe ulimi, nyama usiye na mfupa, mponza vichwa na mjenga nyumba! Nisaidie sasa, maana nimefika uwanjani. Alhamisi asubuhi, Landrova ikaguna mbele ya shule. Bi Mutanu akashuka, akajifuta vumbi, akaenda kuketi nyuma ya darasa katika dawati la mtoto, magoti yamemfika kidevuni, bila kupoteza utukufu wake hata kidogo. Kang'ethe alisimama nje ya dirisha akijifanya anakagua bawaba. Darasa la Nne walikaa kimya, na hicho peke yake kilikuwa kitu cha kuandikwa.

Abdilatif akafungua kinywa.

Mwana akatoka mbele kwa kifua, kama inavyompasa mwana. Na nyuma yake, enyi watu, “of” akapita! Alipita ameinama, miguu peku, mlio wake kidogo tu baina ya mdomo na meno, yuko hai na hakumsumbua yeyote. Chifu akafuata na uzito wake wote. “To” akachungulia mlangoni mwa duka akatoweka ndani. “For” akabeba mkebe, “of” wa pili akamimina maziwa bila tone kudondoka, “and” akafunga kamba kati ya mizigo miwili, na chumvi ikatua chini kwa kishindo chema. Sentensi ilifika. Hakuna aliyetangazwa bure, na hakuna aliyekufa njiani.

Kang'ethe aliachia bawaba, dirisha likamgonga. Hakujali.

Lakini Malkia wa Wino Mwekundu hakuridhika kirahisi namna hiyo. Aliinuka, akatembea hadi ubaoni, akaandika sentensi nyingine ambayo haikuwahi kuonekana Wajir wala Mandera. Iliuliza, ile chumvi ni ya nini: “What is the salt for?” Kisha akarudi kuketi, na jicho lake moja likasinyaa.

Mtego huo! Maana “for” alikuwa amesimama mwishoni kabisa, peke yake, mbele yake hakuna kitu ila ukuta. Askari aliyelewa ushindi angemficha kama alivyowaficha wenzake, na angeanguka akiwa ameishika bendera. Kinywa cha Abdilatif kilianza hata kumwinamisha. Ndipo akasikia sauti kutoka nyuma ya pazia la maua mekundu: na pumzi ikiniishia, nikasimama juu yake? Akamwinua. Akamwachia pumzi yote iliyobaki kifuani. Na yule mdogo, aliyebeba mikebe ya wengine tangu lugha iumbwe, akatoka mzima, akasimama, akasikika hadi kwenye tangi la maji.

Bi Mutanu aliweka kalamu chini. “Hii umejifunza wapi?”

“Nyumbani, Madam. Kwa mama mkwe.”

“Wangu hajanifundisha chochote ila kuamka mapema.” Akatabasamu, na wanaojua wanasema ilikuwa mara ya kwanza upande huu wa daraja. “Umepita, Mwalimu. Kwa hiyo ile kesi yetu imeisha? Ukoo mdogo umepata kiti?”

Abdilatif alitaka kuhutubu. Mungu shahidi, hotuba ilikuwa tayari. Lakini alikumbuka vikombe vinavyokusanywa, na mzee wa mbari yake akisimama baada ya wote. “Umebata, Madam,” alisema taratibu. “Kiti yake iko mwisho. Mzee yetu husema mwisho siku zote. Mimi nilifikiri ni dharau.”

Bi Mutanu alimpa mkono, akakumbuka mila, akaurudisha kifuani kwake, akainamisha kichwa kidogo, kisha akaenda zake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na mwenye kubisha akamuulize Kang'ethe, ambaye uvimbe wa dirisha aliuvaa wiki nzima kama nishani. Kang'ethe alitangaza mbele ya walimu wote kwamba ubao ule usifutwe milele, kwa kuwa ni kumbukumbu ya taifa. Ukafutwa kabla ya saa sita kwa ajili ya hesabu. Bi Qali alituma mkebe wa maziwa ya ngamia kutoka upande wa pili wa pazia, bila neno, na jioni hiyo nun zake zilipita zimeinama, ila moja tu aliyoitangaza kwa makusudi ili mkwe ajue nani ni nani.

Na saa ile vumbi la Landrova lilipokuwa bado halijatua, shujaa aliwageukia wanawe wa Darasa la Nne, aliokuwa amewafundisha Kiingereza tangu mwanzo wa mwaka kwa lile koo lake la zamani. “Haya,” alisema, “tusome bamoja.” Wakasimama, wakajaza vifua, na mji wote wa Garissa ukasikia: “THE! SON! OF! THE! CHIEF! WENT! TO! THE! SHOB!”

Korongo wakapaa. Abdilatif mwana wa Nuh alishika meza, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Miaka yote ya kuwanyoosha ilikuwa mbele yake, na hakuna mtu ambaye angemnyang'anya.

“Tena,” akasema. “Bolebole.”